Mwalimu, R iko wapi?

Siku yangu ya kwanza kufundisha Nyandarua nilimwona mvulana wa dawati la nyuma kabisa amevuta sweta hadi puani, macho ameyafumba. Ilikuwa Januari 2018, saa mbili kasorobo asubuhi, na baridi ya Ol Kalou ilikuwa imeniingia mpaka kwenye meno. Nikamwita kwa upole: "Wewe, ndoo hapa mbele." Akainuka, akatoka nje. Nikangoja. Akarudi na ndoo ya buluu ya maabara, ina maji nusu, akaitua miguuni pangu, akaenda zake kukaa. Darasa zima likanikodolea macho kuona nitaosha nini.

Kwetu Likoni, Mombasa, "ndoo" ndiyo njoo yetu. Njaa ni ndaa, njia ni ndia. Miaka minne ya chuo kikuu ilinifunza kuyaficha maneno hayo mbele za watu, lakini ulimi ukishikwa na baridi hukimbilia kwao. Kufikia saa ya githeri ya mchana shule nzima ilikuwa ikiniita Mwalimu Ndoo, na jina hilo sikuwahi kulivua.

Ilikuwa shule ya kutwa ya mseto, mabati juu, matope chini. Mwajiri wangu alikuwa bodi ya shule, si TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, kwa mshahara ambao sitautaja hapa kwa sababu mamangu husoma blogu hii. Nilipewa Kidato cha Tatu, wanafunzi 44 waliokuwa wameshapitia mikononi mwa walimu watatu wa Kiswahili ndani ya miaka miwili. Mwalimu mkuu alinikabidhi karatasi ya matokeo yao ya mwaka uliotangulia: wastani wa darasa 3.4. Kwa msiojua hesabu zetu za KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, A ni pointi 12 na E ni pointi 1, kwa hivyo 3.4 ni D. "Wewe ni Mswahili wa kuzaliwa," akaniambia. "Hawa utawanyoosha muhula mmoja tu." Nami, kijana wa miaka ishirini na sita, niliona mzee ana hoja.

Basi nikawanyoosha. Kila asubuhi methali tano na nahau tano. Niliwapa maneno ya kamusi ambayo hata mimi nilikuwa nimeyapitia usiku uliotangulia. Niliwafundisha kana kwamba ni watoto wa Mji wa Kale waliosahau kidogo tu, wanaohitaji kukumbushwa. Nikiuliza "Tumeelewana?" waliitikia "Ndiyo mwalimu" kwa sauti moja, ile sauti ya watu wanaokuomba umalize uende. Mtihani wa mwisho wa muhula wakapata 3.1. Nilikuwa nimewafundisha miezi mitatu na kuwapunguzia.

Aprili nilipanda basi la usiku kwenda Mombasa, mfuko wa insha zao mapajani. Nilipofika nilikaa barazani kwa mama na daftari la mistari, nikaanza kuhesabu makosa. Kuyasahihisha nilikuwa nimeshayasahihisha. Sasa nilitaka kuyahesabu, kila kosa na kijistari chake, kama mtu anayehesabu magunia yanayoshuka kwenye lori. Mama alikuja na ungo wake wa mchele, akaokota karatasi moja, akasoma kwa sauti: "Siku hiyo baba ariamka mapema kwenda kupiga kula." Akacheka hadi punje zikamwagika. "Huko kwao chakula hupigwa?"

Nikacheka naye. Kisha nikautazama tena ule mstari. Makosa mawili, na yote mawili ni mtu na ndugu yake. Kikuyu hakina L. Kina sauti moja inayokaribia R yetu, basi, na mtoto aliyekulia Ol Kalou hasikii tofauti ya kalamu na karamu, kama mimi ninavyoshindwa mpaka leo na zile irabu za Kiingereza za meli na kondoo (ship na sheep), ambazo nazitamka sawa na watu wananielewa kwa huruma zao. Mwanafunzi wangu alipoandika kwamba karamu yake imeisha wino, masikioni mwake hakukuwa na kosa lolote.

Nilipomaliza rundo zima, karibu nusu ya makosa ya hijai yalikuwa ya R na L. Ya pili kwa wingi yalikuwa ya th mahali pa dh: nathani, thambi, thahabu. Halafu maneno yaliyopasuliwa au kubandikwa ovyo, nime enda, kwasababu. Halafu ngeli: viatu zangu, kitabu yangu, na hayo yalitoka kwenye Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, zaidi kuliko kwa mama zao. Methali zilizokosewa? Mbili. Muhula mzima nilikuwa nimepaka dawa goti la mtu anayeumwa jino.

Na makosa hayo yanauma kuliko yanavyoonekana. Karatasi ya kwanza ya KCSE ni insha mbili, moja ya lazima na moja ya kuchagua, kila moja alama 20. Mtahini huipandisha insha kwenye kiwango: D ni mpaka 5, C mpaka 10, B mpaka 15, A ndizo zilizobaki. Kosa la tahajia hupigiwa mstari linapotokea mara ya kwanza tu. Neno lile lile likirudiwa halipigiwi tena. Huo ni uungwana. Lakini R na L hazikai kwenye neno moja. Zinahama, neno hadi neno, na kila zinapohamia ni kosa jipya. Ukurasa unajaa mistari, na mtahini mwenye rundo lingine mbele yake hawezi tena kumfuata baba anayekwenda kupiga kura. Anaona mistari.

Mei nikarudi na daftari langu. Shule ilikuwa na kanuni kwamba lugha ya mama marufuku, na aliyenaswa akiisema alikabidhiwa kibao cha kutembea nacho mpaka amnase mwenzake. Somo la kwanza la muhula nilifunga mlango nikawauliza: "Amani, kwenu, mnaiitaje?"

Kimya. Wakatazamana. Hatimaye msichana mmoja wa mbele, jicho moja mlangoni, akanong'ona: "Thayũ."

"Njoo uiandike ubaoni." (Safari hii nilisema njoo.)

Akaandika. Nikamwambia asikilize vizuri ile sauti ya mwanzo, kwa sababu ndiyo dh yetu ya dhambi na dhahabu. Sauti ni moja. Walioandika Kikuyu waliivisha t na h, walioandika Kiswahili wakaivisha d na h. Akafikiri, chaki bado mkononi. "Kwa hivyo nikiandika nathani, nimeandika sawa, ila kwa Kikuyu?"

"Sawasawa kabisa."

Akarudi kukaa akiwa mrefu kidogo. Walikuwa wameambiwa tangu darasa la kwanza kwamba Kikuyu kinawaharibia Kiswahili, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha kinaharibu wapi. Th yenyewe ya Kiswahili, ile ya methali na thelathini, ndiyo ambayo kwao haipo: ulimi kati ya meno, hewa peke yake, koo limenyamaza. Nikawaambia washike koo. Dhhh, linatetemeka. Thhh, limetulia. Naibu wa mwalimu mkuu akapita dirishani, akatuona watu 45 tumejikaba koo, akaendelea na safari yake.

Dh ikapona ndani ya wiki mbili tatu hivi. R na L zikagoma. Huko hapakuwa na hila ya koo, kwa sababu sauti zote mbili ni za ncha ya ulimi na tofauti yake masikio yao hayakuihitaji kwa miaka kumi na saba. Nilichoweza ni kuwapa jozi za kukariri: kula na kura, mahali na mahari, kalamu na karamu, hali na hari. Walikariri. Kisha wakaandika insha, na baba akaamka tena mapema akaenda kupiga kula.

Alhamisi moja mvua inapiga mabati, nilikuwa nimejaza ubao marudio ya sarufi. Viambishi vya ngeli, A-WA, LI-YA, KI-VI, U-I, I-ZI na wenzao. Njeo: li, na, ta, me. Vionyeshi: yule, wale, lile, yale, kile, vile, zile. Kauli: tendea, tendwa, tendana, tendeka, tendesha. Napaza sauti kushindana na mvua. Kule nyuma mkono ukapanda, na mwenye mkono alikuwa yule wa ndoo, ambaye kwa muhula mmoja na nusu hakuwa ameuliza kitu.

"Mwalimu, R iko wapi?"

"Wapi?"

"Hapo ubaoni. L naona nyingi. R sioni."

Nikageuka. Nikaitafuta kwenye safu ya ngeli. Nikaitafuta kwenye njeo. Nikashuka kwenye vionyeshi, nikapanda tena kwenye kauli, nikajaribu kimoyomoyo vitu ambavyo havikuwa ubaoni: viwakilishi, virejeshi, vikanushi. Hamna. Kengele ikalia ningali nimewapa mgongo.

Nililala nayo usiku huo na asubuhi nikaiandika kwa herufi kubwa: VIAMBISHI VYA KISWAHILI HAVINA R. R yetu hukaa kwenye mizizi ya maneno, rudi, ruka, rangi, barua, habari. Sehemu zile za sarufi zinazobandikwa mbele na nyuma, zinazoonyesha nani, lini, kipi, kwa ajili ya nani, hazina R hata moja. Maana yake "ariamka" haiwezekani. "Turikuwa" haiwezekani. "Yure", "ninunurie", vivyo hivyo. Insha ya kusimulia ya maneno 400 ina ile li ya wakati uliopita karibu kila sentensi, kwa hivyo mtoto anayejua kanuni hii moja anaufuta mstari mmoja mwekundu karibu kila sentensi, bila kusikia tofauti yoyote, kwa macho tu. Mimi nimezungumza Kiswahili tangu kuzaliwa, nikakisomea hadi shahada, na jambo hilo sikuwahi kuliona. L ilikuwa mdomoni mwangu kabla ya meno, ningeitafutia nini?

Mizizi ilibaki ya kukariri, lakini hapo nilibadilisha mwendo. Kila mmoja alitenga ukurasa wa mwisho wa daftari lake kwa maneno aliyoyakosea yeye mwenyewe, si orodha yangu. Mmoja alikuwa na maneno kumi na manne. Mwingine alijaza kurasa mbili na jalada.

Sasa la moyoni, kuhusu insha zenyewe. Watu wa Kenya mtanielewa. Kuna mahali katika shule zetu za msingi mtoto hujazwa mistari ya kukariri, na mtoto huyo atakwenda nayo mpaka kaburini. Nilirauka macheo. Majogoo yaliwika. Jua lilitoa miale yake ya dhahabu huku ndege wakitumbuiza. Nilishika tariki. Niliguruka guu mosi guu pili. Insha 44, na katika insha zisizopungua thelathini jogoo aliwika, pamoja na moja iliyokuwa barua kwa mhariri. Walimu tumelea ugonjwa huu wenyewe, kwa kuuwekea alama ya vyema.

Yule msichana wa thayũ alichagua methali: Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Jogoo akawika, jua likachomoza, mhusika akarauka, na ukurasa wa pili ukafika kabla hajaagaa popote. Nilimpa 5. Nikamwita, nikamuuliza kama anaujua upwa. Hakuujua. Hajaiona bahari. Nikamweleza: maji yakitoka, yule anayezungukazunguka ufukweni hakosi kaa au chaza wa kuteremshia wali. "Kwenu nyumbani nani huzunguka hivyo?" Akajibu bila kufikiri: "Baba. Wakati wa viazi."

"Basi niandikie hiyo. Na jogoo mchinje."

Jumatatu akaleta hii, nimeinakili kutoka daftari langu la wakati ule, kwa ruhusa yake:

"Lori lilikwama saa tisa usiku. Lilikuwa na magunia arobaini ya lumbesa na mvua ilikuwa haijaisha. Mwenye lori alisema asubuhi ataondoka na viazi au bila viazi. Baba alivua viatu akaviacha mlangoni, kwa sababu ya matope, akaenda kugonga nyumba ya kwanza."

Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tano. Trekta alilipata nyumba ya tisa. Nilisoma nikiwa nimesimama ofisini na chai ikapoa. Angalieni L zake. Nilimpa 13, B yake ya kwanza, nikajizuia nisimpe zaidi kwa sababu mwishoni jogoo alikuwa amenyemelea akawika mara moja.

Mengine nitayapitia haraka. Isimujamii, yaani lugha inavyotumiwa na watu mahali mbalimbali, katika karatasi ya pili ni alama 10, na darasa langu lilikuwa likizitupa, ilhali kulikuwa na mvulana aliyekuwa makanga (utingo) Jumamosi kwenye gari la Nyahururu. Nilimsimamisha juu ya dawati. "Nyahururu wawili! Wawili twende! Mathe ingia, songa hapo nyuma, gari inaenda!" Kisha tukaichambua sajili yake, yaani lugha ya kazi yake, kama wanavyotaka watahini: sentensi fupi, kuchanganya ndimi, kutozingatia sarufi, kila sifa na mfano wake. Hawakuzitupa tena. Muhtasari tuliufanyia mazoezi ya simu: una salio la maneno 60, mwambie mamako habari yote kabla halijakatika.

Ushairi waliuogopa kama hesabu. Nikawaimbia shairi kwa mahadhi ya nyanyangu, wakacheka vizuri, wakajipigia mizani kwenye madawati, nane kwa nane, mpaka darasa la jirani likalalamika. Mshororo uliokosa mizani waliusikia mikononi kabla hawajaujua kichwani, na hapo ndipo inkisari (kufupisha neno) na mazida (kulirefusha) zilipopata kazi: mshairi amekata neno kwa sababu dawati lilikuwa limejaa.

Lakini fasihi sikuiweza. Tulikuwa na nakala tisa za riwaya kwa watu 44, mbili zikiwa hazina sura za mwisho. Niliwasomea kwa sauti saa ya chakula, na waliofika walikuwa wale waliokuwa wameshashiba. Msimu wa kuvuna viazi dawati kumi na mbili zilikuwa tupu, wiki baada ya wiki, na yule aliyejaza kurasa mbili na jalada aliondoka Juni 2019 akaenda kwenye ujenzi Nairobi. Daftari lake aliliacha. Ninalo.

Matokeo ya KCSE yalitoka Desemba 2019 nikiwa likizo, Likoni. Naibu wa mwalimu mkuu, yule yule wa dirishani, alinipigia simu mwenyewe. Wastani 5.6. C. Msichana wa lori alipata B. Wanafunzi sita walibaki pale pale kwenye D, na wa ndoo alipata C-, jambo ambalo liliniuma kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kanuni iliyowapandisha wenzake ilikuwa yake. Mama aliuliza kama bado wanapiga chakula. Nikamwambia wachache.

Nyandarua nilitoka TSC waliponiajiri, na sasa nafundisha Naivasha. Mwaka jana nilipitia Ol Kalou siku ya soko. Nilikuwa nakwepa matope kati ya milima ya kabichi niliposikia: "Ndoo! Mwalimu Ndoo!" Wauza viazi watatu wakainuka kwa pamoja, kila mmoja na ndoo yake mkononi, wakidhani mteja amefika.

Aliyeniita alikuwa amenenepa, ana koti zuri na gunia zaidi ya ishirini nyuma yake. Tukasalimiana, akaulizia bahari, nikaulizia mamake. Akanijazia ndoo.

"Ile ya R bado unafundisha?"

"Kila mwaka. Wiki ya pili."

"Unawaambia ni ya nani?"

"Nawaambia kuna kijana nilimwita mbele akaniletea maji."

Akacheka, akaokota viazi vitano vikubwa akavipanga juu ya ndoo iliyokuwa imeshajaa, kimoja kikaanguka kwenye matope, akakifuta kwa koti lake zuri akakirudisha.